Marehemu Kaja Kusalimia

Haya, mwenye moyo mwepesi akae chini kwanza. Wiki jana tulimwacha Jovita getini kwake, hapa Rumonge, mikono imelowa mawese mpaka kwenye viwiko, akimkodolea macho mwanamke mwenye mfuko wa safari aliyeshushwa na pikipiki. Alimuuliza, “Weye ni nani?” Yule mwanamke akajibu bila haraka, “Mimi ni Agneta.”

Kwa msomaji aliyekosa gazeti la wiki jana: Agneta ni marehemu.

Ndiyo, marehemu! Mke wa kwanza wa Revokatus, aliyekufa kwa kipindupindu kambini Tanzania miaka ile ya vita. Ndivyo Revokatus alivyoambiwa huko porini alikokuwa akipigana. Ndivyo alivyoapa komini, kwenye ofisi ya serikali, alipotaka kumwoa Jovita uzeeni, na mashahidi wakaapa naye. Jovita mwenyewe kila Novemba alipeleka sadaka parokiani ili Agneta asomewe misa. Kwa marehemu hakuwa mchoyo hata kidogo, kwa sababu marehemu hapiki, hajipaki mafuta mazuri, wala haulizi mume wa mtu ameamkaje.

Sasa marehemu alikuwa anakung’uta vumbi la barabara ya Nyanza-Lac kwenye kitenge chake.

“Agneta alikufa,” Jovita alisema.

“Hata mimi niliambiwa Revo amekufa. Juzi tu mtu wa huku akaniambia yuko hai ila anaumwa. Nimekuja kumwona uso, basi.”

Revo! Jovita alisikia kitu kinamchoma kifuani. Mtaa mzima ulimwita mumewe Ajida, kwa cheo alichostaafu nacho jeshini. Yeye, mke wa ndoa, alimwita Muzee. Hakujua kama mzee yule mwenye miguu iliyovimba aliwahi kuwa Revo wa mtu. Na Kiswahili cha huyu mwanamke! Cha Kigoma, kimenyooka, kinateleza mdomoni. Jovita aliona hata matamshi yake ni ya kumringia.

“Miye nimekulipia misa,” alisema kwa uchungu. “Kila mwaka!”

“Ahsante sana, dada. Labda ndiyo maana sijaumwa tena.”

Jovita alilishika geti kulifunga. Msimlaumu upesi. Alhamisi ya wiki ile ile alikuwa anatarajiwa mtu kutoka ofisi ya wastaafu, kuja kuwakagua wanajeshi waliooa baada ya kustaafu. Kila mke alitakiwa asimame na mumewe, waulizwe mbele ya watu, ndipo aandikwe kwamba mume akifa pensheni itaendelea kumlisha yeye. Ofisi ilikuwa imechoka na wanawake wanaojitokeza na pete wakati mzee ameshaanza kukoroma.

Na Jovita hakuwa na kingine. Alipoolewa, shamba la michikichi la baba yao kule Kizuka aliwaachia kaka zake, akisema yeye sasa ana kwake. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya ukoo wa Revokatus, na wapwa wa Revokatus walikuwa wameshaanza kupima vyumba kwa macho. Akiandikwa, atakula uzeeni. Asipoandikwa, siku Muzee akifumba macho atatoka getini na godoro lake kichwani.

Mke wa kwanza akiwa hai, ndoa ya Jovita si ndoa. Nchi hii sheria inamjua mke mmoja tu.

“Toka,” alinong’ona. “Toka, watu basikuone.”

Amechelewa! Juu ya ukuta kilikuwa kimeshachomoza kichwa cha Kadidja, jirani muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye hata mgeni wa kuku wa jirani yake lazima amjue.

“Amahoro! Muko na mugeni, Mama Jovita? Ni nani huyo?”

Kabla Jovita hajajibu, Agneta akamgeukia Kadidja na kutabasamu.

“Mimi ni dada yake Revokatus. Nilibaki Kigoma. Nimekuja kumwona kaka.”

“Yooo! Wifi!” Kadidja akapiga vigelegele mpaka mbwa wakajibu. “Mgeni njoo, mwenyeji apone! Jovita, mbona unamusimamisha wifi yako mu jua? Mupokee mufuko!”

Huo ndio uongo ulioingia nyumbani kwa Jovita, msomaji, na aliubeba yeye mwenyewe pamoja na mfuko.

* * *

Jikoni, Jovita alimweleza habari ya mtu wa pensheni wa Alhamisi, na Agneta akasema maneno yake kwa sauti ya chini.

“Dada, nisikilize. Mimi nimeshakufa, kila mtu anajua. Niache hivyo hivyo. Nina mume wangu Kigoma, fundi wa makabati, mtu mwema. Nikae na Revo siku hizi chache nimuage, Alhamisi asubuhi kabla ya huyo mtu wako nitakuwa nimeondoka. Hutaniona tena.”

“Uko na bwana? Kweli?”

“Ninaye.”

Jovita alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Fundi wa makabati! Akamwona kwa akili, na patasi yake na kaptura yake, akampenda kuliko ndugu zake wote wa kuzaliwa. Akakubali.

Alitangulia yeye barazani, alipokaa Revokatus kwenye kiti chake cha kamba, miguu juu ya kigoda. Alimwinamia sikioni.

“Muzee, kuna mugeni. Usishituke. Mbele ya watu, huyu ni dada yako. Umesikia?”

“Nimesikia,” alijibu Revokatus, kama askari anayepokea amri asiyoielewa.

Agneta akatokea mlangoni.

Mzee hakuzimia, wala hakupiga kelele. Alishusha miguu yake kutoka kwenye kigoda, mmoja mmoja. Kisha akasema, “Neta. Umekula?”

Hayo tu. Lakini Jovita aliyesikia maneno hayo alitamani ardhi impasukie. Tangu aolewe, Revokatus hakuwahi kumuuliza kama amekula. Alikuwa mtu wa kuuliza chakula kiko wapi.

* * *

Kwa watu wa ufukwe huu, dada wa mume si mgeni wa kukaa ukumbini na kusubiri chai. Ni mwenye nyumba wa pili. Anatandikiwa mkeka mpya, anapelekewa maji ya kuoga, na kipande cha kwanza cha samaki ni chake. Akitaka kumpikia kaka yake anapika, na mke wa nyumba anakata vitunguu. Kadidja alihakikisha hakuna kinachosahaulika. Alileta ndagala, akaleta na mashoga zake, na wote walikaa kutazama jinsi Jovita anavyomtunza wifi.

Hapo ndipo wivu ulipoanza kumla mwanamke wa watu.

Agneta alipika lengalenga kwa karanga. Revokatus alikuwa amemwambia Jovita, siku ya kwanza ya ndoa yao, kwamba lengalenga ni majani ya sungura. Tangu siku hiyo mboga hiyo haikuingia jikoni mwake. Leo Muzee alikula, akafuta sahani kwa kidole, akaomba tena.

“Muzee,” Jovita alisema huku anacheka kwa meno ya mbele tu, “hii si ile majani ya sungura?”

“Inategemea mupishi,” alijibu Revokatus.

Mashoga wa Kadidja waliangua kicheko. “Damu ni damu! Mutu anakumbuka mapishi ya mama yake!” Jovita akacheka nao, kwa sababu angefanya nini? Akaenda nyuma ya nyumba, akamtupia kuku kijiti, akarudi.

Mchana alikuwa anapepeta mchele akasikia kicheko barazani. Kicheko cha mwanamume. Alisimama na ungo wake. Hakuwa akikijua kicheko kile. Revokatus hucheka kwa kuguna mara moja, kama mtu aliyekwaruzwa na fulana mpya. Huyu aliyecheka barazani alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na sauti ya Agneta ilikuwa inamwambia, “Na yule mbuzi, Revo, unamkumbuka yule mbuzi?”

Mbuzi gani? Jovita hakujua habari ya mbuzi yeyote. Siku nzima aliwaza juu ya mbuzi huyo. Usicheke, msomaji. Ukimpenda mtu aliyezeeka, unaolewa na nusu ya maisha yake tu. Nusu nyingine iko mikononi mwa watu wengine, na siku wakija nayo kuionyesha hadharani inauma kuliko kidonda.

Maana Jovita alimpenda. Liandikwe hilo. Watu wa mtaa walisema ameolewa na pensheni, lakini nani alikuwa anamgeuza ubavu mzee yule kila asubuhi? Nani alijua dawa ipi inamchafua tumbo? Yeye. Alimpenda kwa namna ya mtu aliyepata chumba chake mwenyewe akiwa ameshakata tamaa ya kupanga.

Jumanne alimkuta Agneta amepakata mguu wa Revokatus, anamkata kucha kwa wembe, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo.

“Acha!” Jovita alifoka. “Kucha hizo nakata miye!”

“Nilidhani nikusaidie, dada.”

“Nimekuambia ni zangu!”

Kadidja, aliyekuwa ameleta chumvi ambayo hakuna aliyemwomba, alibaki mdomo wazi. “Ee, Jovita! Unamuonea wifi wivu juu ya kucha? Weye sasa umegonjwa.”

“Ni jua,” Jovita alisema. “Kichwa kinaniuma tu.”

Usoni mwa Agneta hakukuwa na kiburi. Angekuwa na kiburi, Jovita angepumua. Alirudisha wembe kwa heshima, akasogea. Na Revokatus akayafuata kwa macho mavazi ya yule mwanamke mpaka yalipopotea mlangoni.

Jovita alimfuata jikoni.

“Bwana yako wa Kigoma, hakutafuti?”

“Ananiamini.”

“Jina lake ni nani?”

Agneta alikawia kidogo. “Heri.”

“Ukifika umusalimie Heri,” Jovita alisema. “Umusalimie sana sana.”

Alhamisi ilikuwa inakuja. Jovita alijiambia avumilie, ameze, afunge mdomo. Mke mwenza, wanasema wahenga, ni wa kumezea. Yeye alikuwa anameza ng’ombe mzima, na bado mkia haujaingia.

* * *

Jumatano, jua limepanda kidogo tu, geti likagongwa. Kadidja ndiye aliyeingia mbele, amevaa kitenge cha sherehe, na nyuma yake mwanamume wa makamo mwenye miwani na mkoba.

“Jovita! Mutu wa pansiyo amefika! Nimemukuta anauliza njia, nikamuleta miye mwenyewe!”

“Ilikuwa kesho!” Jovita alisema.

“Nilikuwa nianzie Minago,” alisema yule mtu, “lakini wastaafu bote ba Minago bako ku mazishi leo. Naitwa Aruna. Tutafanya leo hii, mama, nisipoteze safari.”

Agneta alikuwa barazani kando ya Revokatus, mkekani, akichambua maharage. Mfuko wake wa safari ulikuwa bado haujafungwa. Hakukuwa na pa kumficha. Jovita alimtazama, Agneta akamtazama, na wote wawili wakashusha macho kwenye maharage.

Aruna alikaa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kudanganywa, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko mbaya.

“Ajida, ulimuoa huyu mama ukiwa umeshatoka jeshini.”

“Ndiyo.”

“Na ulikuwa umeshaanza kuugua?”

“Miguu ilikuwa imeanza.”

“Mm.” Aruna akamgeukia Jovita. “Mama, nitasema wazi. Kila mahali ninapofika nakuta muzee hajiwezi na bibi mupya. Majirani banakuja kuapa kwamba ni ndoa ya mapendo. Jirani ananunuliwa kwa soda moja. Kwa hiyo miye majirani sibaulizi.”

Kadidja alivimba kwa hasira, kwa kuwa alikuwa ameshajiandaa kuulizwa. Lakini akapata la kusema.

“Basi usituulize siye! Muulize wifi! Si huyu hapa? Dada ya muzee, damu yake kabisa, ametoka Kigoma!”

Jovita alimkata Kadidja jicho, Kadidja hakuliona.

Aruna alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi.

“Dada ya bwana? Hapo sawa. Dada ya bwana hamusemei bibi uongo. Mara nyingi hata ukweli hamusemei.” Akamgeukia Agneta. “Mama, huyu Jovita ni bibi wa kaka yako kweli, ao amefuata pansiyo?”

Agneta aliweka ungo wa maharage chini.

“Ni mke wake,” alisema. “Nimekaa hapa nimeona kwa macho yangu. Anamwogesha, anamgeuza, anamlisha. Mtu anayefuata pesa hachukii mwenzake akishika kucha za mgonjwa.”

Jovita aliinamisha kichwa. Aibu ilimpanda, na shukrani nayo ikampanda.

“Na bibi wa kwanza?” Aruna alifunua faili. “Dosiye inasema alikufa. Jina lake Agneta. Weye kama dada, unajua habari yake?”

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Marehemu aliulizwa kama amekufa! Hata Revokatus aligeuza shingo.

“Najua,” alisema Agneta. “Hakuna hapa anayeijua kuliko mimi. Kipindupindu kiliingia kambini msimu wa mvua. Alianza kutapika usiku, asubuhi hakuwa na sauti. Walimtoa kwenye hema, wakamlaza nje na wengine, wakamfunika blanketi mpaka usoni.”

“Akafa.”

“Mwanamke yule aliyeolewa na kaka yangu, ndiyo. Aliisha siku ile.”

Hakupepesa macho. Aruna aliinama, akaandika.

“Vizuri,” alisema. “Mama Jovita, pumua. Nimekuandika. Siku Mungu akimuita muzee, hautalala njaa.”

Kadidja akapiga kigelegele. Jovita aliikumbatia nguzo ya baraza. Amepona! Hatatoka na godoro kichwani. Atazeeka kwa chakula chake, na wapwa wakafie mbele na vyumba vyao. Kilichobaki ni kumpa mtu huyu chai, kumshukuru, kumsindikiza getini. Kilichobaki kwako Jovita ni kufunga mdomo mpaka geti lifungwe!

Aruna alikuwa anafunga mkoba. Akasema jambo, kwa adabu tu, kama watu wanavyosema wakitaja marehemu.

“Pole, Ajida. Alikuwa mutu muzuri, huyo Agneta?”

Revokatus hakuwa ametia neno refu tangu mazungumzo yaanze.

“Haiko mwengine,” alisema. “Sikupata mwengine. Mupaka leo.”

Na machozi yakamtoka, mzee wa watu, yakashuka kwenye ndevu zake nyeupe.

Agneta aliinuka. Alishika pindo la kitenge chake, akamfuta macho, moja, kisha la pili. Dada angefanya hivyo, hakuna aliyeshangaa. Lakini Revokatus aliudaka ule mkono. Akaulaza kwenye shavu lake, akafumba macho, asiuachie. Na Agneta hakuuondoa.

Jovita aliuona mkono ule.

Alihesabu moyoni yote aliyomfanyia mzee huyu, dawa, uji, shuka zilizofuliwa kabla ya jogoo, na akaona hakuna siku hata moja shavu lile lililotafuta kiganja chake. Sikupata mwengine! Amesema mbele ya mtu wa serikali, mbele ya Kadidja, mbele yake yeye mwenyewe aliyeandikwa mke sasa hivi! Macho yake yaliingia giza.

“Uachie!” alipiga kelele. “Uachie mukono wa bwana yangu!”

“Jovita!” Kadidja alimshika bega. “Una nini, sha? Ni wifi yako!”

“Wifi gani? Wifi wa wapi? Dada anamushika mutu hivi?” Jovita alimsukuma Kadidja. “Muko vipofu nyote! Ndo Agneta huyu! Marehemu ndo huyu, amekaa ku mukeka wangu, anakula samaki wangu, ameniibia bwana mu nyumba yangu! Mwizi! Mwizi mukubwa weye!”

Neno likatoka lote. Halikubaki hata mkia.

Ndipo Jovita akasikia alichosema. Ulimi uliponza kichwa, lakini cha Jovita ulikuwa umekikata kabisa.

Aruna aliuweka mkoba chini tena.

“Rudia, mama.”

“Ni hasira tu, shefu,” Jovita alisema, akijaribu kucheka. “Ni jua. Kichwa kinaniuma tangu jana. Muulize Kadidja.”

Kadidja alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa huu.

“Ajida?” Aruna aliuliza. Revokatus alikuwa bado amefumba macho. Mkono wa yule mwanamke ulikuwa bado shavuni mwake.

“Basi nakuuliza weye mwenyewe, mama,” Aruna alimwambia Agneta. “Kwa sheria hii nchi mutu iko na bibi mumoja. Kama bibi wa kwanza iko hai, huyu wa pili siyo bibi, hata wangekaa pamoja miaka mia. Sema. Weye ni nani?”

Angeweza kudanganya. Alikuwa ameshadanganya vizuri zaidi kuliko hapo. Jovita alimtazama machoni, na mwanamke yule yule ambaye siku zote hizi alitamani apotee, apigwe radi, azame ziwani na mfuko wake, sasa Jovita alikuwa anamwomba bila sauti aseme uongo mmoja wa mwisho. Machozi yalimjaa. Alikunja mikono kifuani kama yuko kanisani.

Agneta aliutoa mkono wake shavuni mwa Revokatus, polepole.

“Nimeitwa marehemu, nikaitika,” alisema. “Mwizi sijawahi kuitwa. Si kambini, si Kigoma, si popote. Hilo siwezi kwenda nalo.”

“Bwana yako!” Jovita alilia, akapiga magoti. “Muambie uko na bwana! Muambie juu ya Heri, fundi wa makabati!”

“Hakuna Heri, dada. Nilikutungia ili ulale usingizi. Sikuolewa tena. Nani angeolewa, na mume wake hajamwona kaburini?”

Aruna aliichomoa kalamu yake. “Kwa hiyo niandike nani?”

“Niandike mimi,” alisema Agneta. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Jovita pale chini, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ilikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyomwua Jovita.

“Nilikubali kuwa maiti kwa ajili yako. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifufua.”